Mlango Sikuufunga

Sauti yake ilimzidi mwili mara kumi. Ukimsikia redioni ungeapa ni mtu wa kuinama akipita mlangoni, mwenye kifua cha kubebea magunia mawili ya korosho. Halafu unafika studio na kadi yako ya salamu mkononi, unakuta kijitu chembamba kama uzi, shati limemvaa yeye badala ya yeye kulivaa, kimekaa kwenye kigoda kinamenya chungwa. Na alivyokuwa akimenya! Ganda lilitoka utepe mmoja, kutoka kichwani mpaka kitakoni mwa chungwa, halikatiki. Nimeshuhudia akina mama watatu wakimwambia, "Kijana, hebu tuitie Mtangazaji," naye akaingia ndani, akakohoa, akatoka tena: "Ndiye huyu, amekuja." Watatu nimewaona kwa macho yangu. Nikisema thelathini sitakuwa nimekosea sana.

Tulimwita Mtangazaji, basi. Jina alikuwa nalo, na siku moja nililiona kwenye karatasi ya ofisi, lakini halikumkaa, lilikuwa kama koti la kuazima. Alizaliwa wapi, wazazi wake akina nani, hayo sitayasema. Siyajui, na yeye hakuyataja hata mara moja kwa miaka tisa tuliyokaa ukuta kwa ukuta. Alikuwa mtu wa bara, hilo tulilijua kwa jinsi alivyoogopa maji ya mto. Mimi nilikuwa na kibanda chini ya dirisha la studio, hapa hapa Kibiti, nauza vocha, karanga na kadi za salamu. Ndiyo maana naitwa Mama Kadi hadi leo, ingawa kadi zimekwisha na mtoto sikujaliwa.

Kwa wale waliozaliwa simu zikiwa na kioo: kadi ya salamu ni kipande cha karatasi ngumu chenye mistari. Juu unaandika jina lako na unapopatikana. Katikati unaandika unaowasalimu. Mstari wa mwisho kabisa ni wa ujumbe, na hapo ndipo watu walipokuwa wakimaliza akili zao zote. Mtangazaji anaisoma hewani kadi nzima, na jirani uliyemtaja anatembea wiki nzima shingo ndefu kama twiga.

Sasa redio yenyewe. Wengi huulizana ilikuwaje mji kama wetu, watu wa swala tano na mihogo, ukawa na redio inayopiga nyimbo za kantri za wazungu wa ng'ombe na magitaa yanayolia. Historia yake ni fupi. Palikuwa na tajiri mmoja wa korosho aliyegombea udiwani akashindwa, akasema ameshindwa kwa sababu wananchi hawakumsikia vizuri. Akasimamisha mnara nyuma ya ghala lake, mrefu hivi kwamba kunguru walipumzika katikati kabla ya kufika juu. Kibali akapata, mtambo akapata. Muziki hakuwa nao. Ila kwenye chumba chake kimoja cha kupangisha, fundi wa kigeni aliyekuja kujenga barabara alikuwa amesahau sanduku la kaseti, na kaseti zote, kuanzia ya juu hadi ya chini, zilikuwa kantri. Basi. Mtu mmoja alikosa kura, mwingine alisahau sanduku, na sisi tukapata redio.

Mwezi wa kwanza watu walilalamika. Walitaka taarabu, vijana walitaka singeli. Tajiri akasema mwenye muziki wake aulete. Hakuna aliyeleta. Mwezi wa tatu ukimpita mkulima wa Mahege shambani unamkuta anapiga mluzi wa gitaa. Wafugaji waliokuja na mifugo yao bondeni ndio waliopenda kuliko wote, wakasema kwa mara ya kwanza redio imewakumbuka. Mzee mmoja alitembea na fimbo yake mpaka studio kuuliza yule bwana wa wimbo wa pili, ng'ombe wake alipatikana au la. Mtangazaji akamkalisha, akamjibu bila kucheka: "Alipatikana, baba. Amekonda kidogo." Mzee akashukuru, akaondoka zake. Tukaitwa Redio ya Ng'ombe, na hatukuona haya.

Kaseti hazikuwa na maelezo, na Kiingereza hapa petu ni cha ofisini. Kwa hiyo Mtangazaji akaanza kutafsiri. Wimbo ukiisha, anavuta pumzi, anasema: "Ndugu zangu wa karibu, bwana huyu anasema hivi." Na anachosema! Treni aliigeuza basi la Kilwa. Theluji akaigeuza masika. Pombe kali, kwa heshima ya wasikilizaji, aliigeuza uji. "Bwana huyu amekunywa uji chupa nzima, sasa anamlilia mkewe." Watu wakaulizana ni uji wa nafaka gani huo unaoliza wanaume. Nilikuwa na mteja aliyeapa ataupika.

Lakini nyimbo zote, ziwe za basi au za uji, kwake ziliishia pahali pamoja: mke ameondoka. Mke amefunga virago, mume yuko jikoni na sufuria baridi. Mke amepanda basi, mume anatazama vumbi. Miaka nenda miaka rudi, wake wote wa kizungu walikuwa safarini. Tukamwonea huruma. Tukasema, huyu baba ameachwa, na aliyemwacha alimwacha vibaya.

Maana aliishi peke yake, chumba kimoja nyuma ya studio. Alipika kwenye sufuria la watu wanne, anakula robo, robo tatu anatuletea mimi na paka. Sikukuu ya Idi sahani za pilau zilimfikia kutoka kila nyumba, nikizihesabu kwa furaha yangu zinafika mia, na watu wanamwita, "Njoo tule pamoja, Mtangazaji!" Anapokea sahani, anashukuru kwa ile sauti ya ngurumo, anasema atakula studio. Hewani aliwaita watu wote ndugu zake wa karibu, alitoa asalamu aleikumu, akatoa na tumsifu Yesu Kristo, akamalizia, "na kwa wale wasio na upande, habari za jioni." Mtambo ukizimwa, hakuwa na hata mtu mmoja wa kumshikia ndoo kisimani. Nilimwuliza siku moja, huogopi kuongea na watu wengi namna ile? Akanishangaa.

"Watu wengi wapi? Mtangazaji anaongea na mtu mmoja, Mama Kadi. Wengine wanadokoa tu."

Tena hakuwahi kufunga mlango wa studio. Kila redio duniani hufunga mlango wakati wa matangazo, hata mtoto anajua. Wetu ulikuwa wazi, bawaba zimekufa kutu. Jogoo wa jirani akiwika, anawika hewani. Kuna wimbo mmoja ambao Kibiti nzima tuliamini una jogoo ndani yake, hadi siku nilipousikia kwenye simu ya mtu nikaona umepungukiwa. Tajiri akimgombeza afunge, alijibu, "Mlango ukifungwa nakosa pumzi," na kesho yake uko wazi tena.

Kwenye ubao wa mlango huo huo alichora kwa chaki mto, barabara na bahari. Kila ilipojulikana kwamba mahali fulani tunasikika, aliweka nukta. Na aliyemletea habari za nukta ni mimi.

Kila siku kabla ya saa kumi jioni, kipindi hakijaanza, alichungulia dirishani: "Jana tumefika wapi?"

Mwanzoni nilimjibu ukweli, kwa sababu ukweli nao ulikuwa mzuri: Mahege wanatusikia, Umwe karibu na mto wanatusikia, Ruaruke wanatusikia kwa kukwaruza kidogo. Akaweka nukta, akafurahi, siku hiyo akasoma kadi kama anaimba. Sasa mimi nikimwona mtu amefurahi siwezi kuishia hapo, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwongezea Kilwa. Nikamwongezea Mafia. Siku moja ya mvua, ana uso wa msiba, nikamwambia, "Mtangazaji, jana Komoro wamelia." Akaweka nukta pembeni kabisa mwa mlango, karibu na kitasa.

Halafu akaniuliza, taratibu, anatazama chungwa lake: "Na kule Delta? Kule kwa shangazi yako?"

Shangazi yangu ameolewa kijiji kimoja ndani kabisa ya Delta, kule mto unapoingia baharini; ukishapita Ruaruke unaingia boti na kukatiza mikoko. Sitakitaja, kwa sababu yeye Mtangazaji hakupenda kitajwe. Mara ya mwisho kwenda kule nilikuwa kigori.

"Kule?" nikasema. "Kule ndiko wanakusikia kuliko hapa! Maji yanabeba sauti."

Aliweka nukta hiyo, akaikandamiza chaki hadi ikavunjika. Nikadhani chaki imeloa mvua.

Tangu siku hiyo kipindi kikawa na kadi moja zaidi. Kadi zote za mji huu zilipita mikononi mwangu, nilijua mwandiko wa kila mtu, hata wa wale wasiojua kuandika. Hii sikuiuza mimi. Aliisoma ya mwisho, kabla ya adhana ya magharibi, akiipunguza ile sauti hadi unasogeza sikio: "Salamu hizi zimwendee aliyeko upande wa maji. Anayesalimu ni mimi. Ujumbe: mlango sikuufunga."

Kila siku. Neno lile lile, miaka ile yote. Watoto wakaliimba wakiruka kamba. Seremala wa sokoni alidhani ni tangazo, akaja kudai na yeye asomwe. Sisi wengine tulielewa, au tulidhani tumeelewa: mke aliyekimbia yuko upande wa maji, na mume anamwambia rudi wakati wowote, mlango uko wazi. Kuna wanawake walilia. Mimi nililia karanga zikaloa chumvi mara mbili.

Naomba nitaje sasa elimu yangu, kwa kuwa inahusika. Niliingia masomo ya jioni mtu mzima, pale shule ya msingi, tunakalia madawati ya watoto magoti yamefika masikioni. Nilisoma miaka mitatu. Hesabu ilinikataa waziwazi. Kiingereza nilipata D, D nene, imebakiza kidogo izae C. Na wiki ya kwanza kabisa mwalimu wetu alitufundisha kuja, kwenda, kuondoka na kubaki. Kwa hiyo jioni moja niko chini ya dirisha langu, kaseti inalia, nikasikia neno ninalolijua. Nikasikia la pili. Nikaacha kufunga karanga.

Kesho yake nikaingia studio.

"Mtangazaji, ule wimbo wa tatu."

"Mzuri, eh?"

"Mzuri. Umesema mke kamwacha mume jikoni."

"Ndivyo."

"Mbona nimesikia mwimbaji ndiye anayeondoka? Kasema mimi naondoka, wewe umebaki. Na ule wa kwanza vilevile. Na wa basi la Kilwa, aliyepanda ni mwanamume."

Kisu kikasimama. Ganda likakatika. Miaka yote ile sijawahi kuliona likikatika.

"Umeanza kusikia lini?"

"Tangu nipate D."

"Basi irudishe kwa waliokupa."

Nikacheka, nikadhani ni mzaha. Hakucheka. Siku mbili hakuniuliza tumefika wapi, na karanga akanunua stendi. Siku ya tatu akachungulia dirishani kama kawaida, na wimbo ukarudi, na mke akaondoka tena. Sikumgusa tena. Nilijiambia Kiingereza cha jioni pengine kina makosa yake.

Mwaka wa tisa binti wa shangazi akaolewa, nikaalikwa Delta. Nilipomwambia Mtangazaji ninakokwenda, aliingia ndani akatoka, akaingia akatoka. Mwisho akasema, "Sikiliza tunavyofika." Hivyo tu. Nikanunua redio mpya ya kumpelekea shangazi zawadi, kubwa, ina mkonga wa antena unaoweza kuuvulia samaki.

Kule wanawake tulikuwa uani tunachambua mchele, nyungo kama ishirini, vicheko juu. Ilipofika saa kumi nikawaambia, "Nyamazeni, sasa mtamsikia mtu wangu." Nikawasha. Shhhhh. Nikazungusha. Shhhhh. Nikapanda juu ya kinu na mkonga wangu kama mwehu. Shhhhh.

"Mwanangu," shangazi akasema, "hii redio umeniletea ya kukaangia?"

"Ni ya Kibiti, shangazi, si mnaisikia kila siku?"

"Kibiti? Hapa tunashika Unguja. Kukiwa na mawingu tunashika hata Wakomoro. Ya kwenu sisi hatujawahi kuisikia, hata siku moja."

Nilisimama juu ya kile kinu, na nukta zote nilizowahi kumpa zikanijia machoni. Ila mimi mtu wa uso mgumu. Ili kuua aibu nikaanza kumwiga: nikainenepesha sauti, nikawatolea asalamu aleikumu na tumsifu na habari za jioni, uani kukawa hakuna mtu asiyejishika mbavu. Nikamalizia na kadi ya mwisho. "Ujumbe: mlango sikuufunga!"

Wakacheka wote isipokuwa mama mmoja. Mtu mzima, khanga ameifunga kiunoni, ungo mapajani. Alikuwa ameacha kupeta.

"Rudia."

"Mlango sikuufunga."

"Nani anasema hivyo?"

"Mtangazaji wetu, mama. Kila siku anasema."

"Mwembamba?"

"Kama uzi."

"Akimenya chungwa, ganda linakatika?"

Nikashuka kwenye kinu. "Halikatiki," nikamjibu.

Akapeta mara mbili, akapuliza makapi. "Ni kweli," akasema, "hakuufunga. Alichoka matope ya mpunga, akaondoka alfajiri mimi nimelala, akaogopa bawaba zisilie nikaamka. Akauacha wazi. Nilipoamka kuku wote wamo ndani, wanakula mbegu, na msimu ndio umefika. Mwambie hivyo. Mwambie kuku walikula mbegu."

"Nimwambie na nini kingine, mama?"

"Kingine kipi?" Akaendelea na mchele wake.

Ndani ya boti nikirudi nililifungua lile neno, na kila nilipoligeuza lilikuwa na mgongo mwingine. Mlango sikuufunga. Sisi mji mzima tulisikia: njoo, nakungoja. Yeye alikuwa anasema: ile alfajiri ni mimi, nilikosea. Na zile nyimbo zote za wanaume wanaoondoka alizipindua kinywani, kaseti baada ya kaseti, kwa sababu hakuweza kusema kwa mdomo wake kile ambacho masikio yake yalisikia vizuri sana. Kiingereza changu hakikuwa na kosa.

Nilimkuta amenyoa ndevu, amevaa shati jipya. Hakungoja nitue mzigo.

"Tumefika?"

Hapa ndipo pa mimi kuhukumiwa. Nilikuwa na ujumbe wa mkewe mdomoni, maneno matatu. Lakini ningeutoa, angeuliza mkewe alisikiaje, na ningelazimika kusema kwamba sauti yake inafia kwenye matete, ukiipita Ruaruke tu. Kwamba anaongea na mtu mmoja, na mtu huyo hajawahi kumsikia. Nikamtazama na shati lake jipya.

"Tumefika mpaka jikoni," nikasema. "Harusi nzima imekusikia."

"Wakasemaje?"

"Wamecheka sana."

Hilo la kucheka lilikuwa kweli. Akainamisha kichwa, akaenda mlangoni, akaipaka chaki upya ile nukta ya Delta hadi ikawa nene kama mbegu.

Miezi kadhaa baadaye tajiri wetu akafariki, Mungu amrehemu, na warithi wakaiuza redio kwa watu wa Dar es Salaam ambao muziki wao unatoka kwenye kompyuta, hauhitaji mtu wala jogoo. Mtangazaji alipewa wiki moja ya kuaga. Siku ya mwisho aliweka ule wimbo wa tatu. Ulipoisha alivuta pumzi ndefu, na mimi niko chini ya dirisha langu.

"Ndugu zangu wa karibu, leo nitatafsiri vizuri, maana hapo nje kuna mtu amesoma. Bwana huyu anasema: mimi ndiye niliyeondoka. Wewe ulikuwa umelala. Sikukuamsha, kwa sababu ungeniuliza naenda wapi, na jibu sikuwa nalo. Hayo ndiyo anayosema. Nyimbo zote hizi ndivyo zilivyokuwa zikisema."

Kisha akasoma kadi yake, na adhana ikaingia. Sokoni watu walisimama na vikapu vyao wanatazamana. Mimi nililia, na safari hii sikuwa na hamu ya kumsimulia mtu. Nilikuwa najua maneno yale yanakwenda mpaka wapi.

Alihamia Umwe, akapanga chumba, akalima matuta machache ya bamia. Nilikaa miezi miwili nikijipa kazi nyingi. Mwisho nikapanda basi, nikamkuta barazani, mlango nyuma yake wazi, redio ndogo miguuni imezimwa. Nikakataa kiti.

"Kuku walikula mbegu," nikasema.

Hakuuliza kuku gani. Uso ulimwanguka kama nguo iliyotoka kambani.

"Alisikia? Alijibu?"

"Hakusikia. Nilimwambia mimi, kwa mdomo, uani kwenye harusi. Redio kule haifiki, Mtangazaji. Haijawahi kufika. Komoro wala Kilwa sijui. Nilikuwa nakuongezea."

Aliinua ile redio ndogo, akaifuta vumbi hadi kivuli cha paa kikanifika miguuni.

"Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa naongea na nani?"

"Na mimi," nikamwambia. "Nilikuwa pale chini."

Akanitazama kama mtu anavyotazama kiti kilichosema neno. Kisha akainuka, akaingia ndani, akakaa huko. Nilisikia vitu vinasogezwa. Alitoka na mifuko miwili midogo iliyofungwa fundo.

"Mbegu ilikuwa mpunga wa supa," akasema. "Pishi mbili. Niliipima mwenyewe jioni ile. Utampelekea?"

"Twende wote."

"Sauti yangu imeshindwa kufika. Mwili utafikaje?" Akanipa mifuko. "Na ukirudi, usiniongezee."

Nikaenda. Boti, mikoko, matope hadi magotini. Nikisema hadi kiunoni mtaniamini, lakini yalikuwa magotini. Siku ya tatu nilirudi Umwe na kumkuta palepale barazani.

"Tumefika wapi?" aliniuliza. Hakuwa ameniuliza hivyo tangu mtambo uzimwe.

"Mlangoni kwake."

"Yupo?"

"Yupo, mzima. Amepokea pishi moja." Nikampa mfuko wa pili. "Hii amekurudishia. Anasema kuku walikula moja tu, nyingine aliwahi kuiokoa. Hii si haki yake."

Aliuweka magotini, akaubinyabinya kwa vidole, punje zikalia ndani.

"Kwa hiyo moja aliipanda," akasema. "Mwaka ule alipanda."

"Alipanda."

"Hakusema kingine?"

Mdomoni nilikuwa na bahari nzima. Ningeweza kumwambia kwamba yule mama alilia, kwamba kijiji chote kililia, kwamba mamba wenyewe walitoka mtoni wakapangusa macho. Angeniamini, Komoro aliiamini.

"Hakusema," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu, akashukuru, akainuka na mfuko wake, akaingia ndani. Nikasikia mlango unavutwa, bawaba zinalia, kisha komeo likaingia mahali pake. Kwa miaka yote niliyomjua, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiufunga.